Amu na Mtoto Mwenye Soni



Ndugu zetu wasomaji, kina mama na kina baba, kwa muda mrefu tumekuwa tukiulizwa na wazazi kuhusu mtoto ambaye nyumbani ni msemaji na mchekeshaji, lakini akitoka nje ya mlango hujificha nyuma ya buibui la mamake, na ulimi wake ukafungika. Mgeni akiingia, yeye hukimbilia chumbani. Akipelekwa madrasa mpya, hulia. Akiulizwa jina lake, hutazama vidole vya miguu yake. Mama hufadhaika mbele ya jamaa, na jamaa nao hawakosi la kusema. Wiki hii tumeona tulijibu swali hilo kwa njia ya safari, kwani mwezi wa Disemba tulikwenda Amu pamoja na mtoto wa namna hiyo, na mji ule ulitufunza mengi.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wetu wa kike, mwenye umri wa miaka minane. Mamake ni muuguzi, na kazi yake imehamishiwa Amu. Ikawa mtoto hana budi kuiacha shule yake ya Mombasa, madrasa yake na binamu zake, na mwezi wa Januari aanze upya mahali ambapo hakuna amjuaye. Kwa mtoto mwingine hilo lingekuwa jambo la furaha. Kwa huyu lilikuwa zito. Katika madrasa aliyokuwa akisoma alikaa mwaka mzima bila kusikika. Nyumbani alikuwa akisoma sura za Juzuu Amma kwa sauti safi mbele ya bibi yake. Mbele ya ustadhi hakutoa hata herufi moja. Mwisho ustadhi, ambaye hakuwa na njia ya kuyajua yaliyomo kifuani, alimrudisha darasa la chini akae na watoto wa miaka mitano. Mtoto hakulalamika. Aliacha tu kusoma, hata nyumbani. Hapo ndipo tulipotambua kwamba soni ikiachwa bila msaada huweza kumnyang'anya mtoto hata kile alichokwisha kukipata.

Kabla ya kushika njia, yatupasa kupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Haya ni tabia tukufu, nayo ni katika imani. Masahaba walimsifu Mtume wetu (S.A.W.) kwa wingi wa haya, na pamoja na hayo alisimama juu ya mimbari, akapokea wajumbe wa makabila na akaisema haki bila kutetereka. Bi Aisha (R.A.) naye aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Basi haya humzuia mtu na lililo baya. Soni ya mtoto humzuia na lililo jema: kusalimu, kuuliza, kusoma, kuomba maji akiwa na kiu. Mzazi mwenye hekima huilinda ile haya na huipunguza ile soni, wala hazing'oi zote mbili kwa pamoja.

Siku mbili kabla ya safari tulikaa na mtoto, tukachora njia yote juu ya karatasi. Kutoka Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Kilifi, Malindi, Garsen na Witu, na mwisho wa barabara ni bahari. Tulichora Mto Sabaki baada ya Malindi, na Mto Tana karibu na Garsen, na chombo cha kutuvusha kutoka Mokowe. Tulichora pia mahali ambapo maafisa wa usalama husimamisha basi, abiria wakashuka na kuonyesha vitambulisho, kwa kuwa ndivyo ilivyo katika barabara ile. Kisha tukampa karatasi ile, tukamwambia kuwa ni amana yake: yeye ndiye atakayetuambia kituo kinachofuata.

Huenda msomaji akaona hilo ni jambo dogo. Lakini mtu mzima anaposafiri, njia yote imo akilini mwake. Mtoto huona giza mbele yake, na kila kipya humjia kwa ghafla. Mtoto mwenye soni hasumbuliwi sana na ugeni wenyewe. Anasumbuliwa na kutojua ni lini utamwangukia. Basi liliposimama baada ya Garsen na abiria wakaanza kushuka, tuliuona uso wake ukibadilika. Akaitazama karatasi. Akasema kwa sauti ya chini, "Babu, hapa pamo." Akashuka akiwa ameushika mkono wa bibi yake, akatembea hadi upande wa pili, akapanda tena. Halikuwa jambo la kutisha tena, kwa sababu alikutana nalo kwanza nyumbani, juu ya karatasi, akiwa na kalamu yake mkononi.

Tulipofika Mokowe, jua lilikuwa limeshapita utosini. Hapo gari huishia, na watu wote, mwenye cheo na asiye na cheo, hushuka ngazi za gati na kuingia chomboni. Baharia mmoja alinyosha mkono kumsaidia mtoto, naye akarudi nyuma. Tunamshukuru sana kijana yule. Hakumshika kwa nguvu wala hakumcheka. Aliisogeza boti ikagusa ngazi, akatulia, akasema, "Taratibu mwanangu, bahari haina haraka." Abiria wakangoja. Mtoto akaweka mguu mmoja, kisha wa pili. Tuliupita mkondo wenye mikoko pande zote mbili, na haikupita muda mrefu nyumba nyeupe za Amu zikajitokeza zimepangana kando ya bahari.

Wengi katika wasomaji wetu wanaijua Amu, na wengine wana nasaba zao huko. Kwa wasiofika, tuseme kwa ufupi. Ni mji wa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari za boriti za mikoko, ambao shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wenyeji huujua kwa sehemu mbili kubwa, Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini. Ndani ya mji mkongwe gari halipiti. Mizigo huenda kwa punda na kwa mikokoteni, na binadamu huenda kwa miguu katika vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana hubidi mmoja ageuke ubavu.

Hali hiyo ya mji, ambayo wageni huipiga picha na kwenda zao, ina faida kubwa kwa mtoto mwenye soni. Katika miji yetu mikubwa mtoto hutolewa mlangoni, akatiwa garini na kushushwa mlango mwingine. Hakutani na mtu kwa kiasi anachokiweza; ama hana mtu kabisa, ama ametumbukizwa katika kundi la watoto arobaini. Amu humpa watu mmoja mmoja, na humpa walewale kila siku. Mzee aliyeketi barazani asubuhi ndiye utakayemkuta barazani jioni. Punda aliyemtisha jana yuko palepale leo, na safari hii mtoto anajua kuwa hapigi teke. Ugeni ukirudiwa kwa upole huwa mazoea, na mazoea ndiyo kipando cha ujasiri.

Siku ya kwanza hakuzungumza na mtu. Tulipita naye Usita wa Mui, ndio barabara kuu ya mji, hadi uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, ile iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na baadaye ikawa jela kabla ya kuwa makumbusho. Wazee waliokuwa wamekaa pale walitutolea salamu, na mmoja akamsalimu mtoto peke yake, kama amsalimuvyo mtu mzima. Mtoto hakujibu. Yule mzee akatabasamu, akaendelea na mazungumzo yake. Tulikumbuka kwamba Anas bin Malik (R.A.) alipita kwa watoto akawatolea salamu, akaeleza kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya Mtume (S.A.W.). Mkubwa ndiye aliyeanza kumheshimu mdogo. Mtoto anayesalimiwa kwa heshima hujua kuwa ameonekana, na siku moja atajibu. Huyu wetu alijibu siku ya nne, kwa sauti ambayo mzee aliisikia kwa sababu tu alikuwa akiingoja.

Nyumba aliyopanga mamake iko Mkomani, orofa ya juu, na chini anakaa bimkubwa mwenye nyumba. Mama yule alimshika mjukuu wetu mkono akamtembeza, naye alimfunza, na sisi pia akatufunza, kwa kutuonyesha tu nyumba yake. Mlango wa mbele una daka, yaani ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni huketi akangoja. Ukiingia ndani kuna tekani, mahali pa kugeukia, ili anayepita njiani asione ya ndani. Kisha kiwanda, ambao ni uwanja ulio wazi juu. Kisha misana miwili, wa kwanza na wa pili, kila mmoja umeinuka kidogo kuliko uliotangulia. Na mwisho ni ndani, penye zidaka ukutani na vyombo vya thamani, ambapo hafiki ila mtu wa nyumba.

Tuliketi kiwandani, tukatafakari. Wazee waliojenga nyumba hizi hawakumwona mwenye nyumba kuwa ana kasoro kwa kuwa hamwingizi kila mtu moja kwa moja hadi chumbani. Waliona kuwa hiyo ndiyo adabu: kila mgeni ana mahali pake, na mahali hapo hubadilika kadiri mnavyojuana. Mtoto mwenye soni naye ni nyumba ya namna hiyo. Wako watoto ambao mlango wao ni wazi hadi ndani, na wako ambao wana daka, na tekani, na kiwanda. Kosa la jamaa wengi ni kuruka daka. Huingia na kelele, "Njoo unibusu! Mbona husemi? Paka amekula ulimi wako?" Mtoto hufanya kile ambacho mwenye nyumba yeyote angekifanya: hufunga mlango. Na kosa la wazazi wengi ni la upande wa pili. Humwacha mtoto ndani daima, wakamsemea kila neno, wakamwombea udhuru kwa kila mgeni, hata akasahau kuwa nyumba yake ina mlango. Kazi ya mzazi ni kumzoeza mtoto kutoka hadi dakani kwa hiari yake, akaketi na mgeni hapo, na mgeni akafunzwa kungoja.

Tulilianza zoezi hilo kwa mahamri. Jirani na nyumba yuko mama anayeuza mahamri na mbaazi kila baada ya Alfajiri. Siku ya pili mtoto alikwenda na bibi yake, akashika kikapu. Siku ya tatu bibi yake alisimama pembeni mwa kichochoro, mtoto akaenda peke yake hatua ishirini. Wateja walikuwa wengi, kila mmoja akisema lake, na muuzaji hakumwona mtoto aliyesimama bila kutoa sauti. Mama mmoja mlangoni akauliza kwa kicheko, "Huyu mtoto hana ulimi?" Mtoto akarudi na kikapu kitupu, na pesa kiganjani zimelowa jasho. Bibi yake alimjibu yule mama kwa upole, "Ulimi anao, ila anauweka," kisha akanunua mahamri yeye mwenyewe. Njia nzima hakumwuliza mtoto kwa nini hakusema. Alimwuliza aliona nini. Mtoto akasema ameona kuwa yule mama hukanda unga wa kesho huku akiuza wa leo, na kuwa ana paka mwenye jicho moja. Wanaosema kidogo huona mengi, na ni vyema wajue kuwa uonaji wao una thamani.

Usiku ule, baada ya Isha, tulimsimulia kisa cha Abdullahi bin Umar (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba wake kuhusu mti ambao majani yake hayapukutiki, nao ni mfano wa Muislamu. Watu wakafikiria miti ya jangwani. Ibn Umar, aliyekuwa mdogo kuliko wote pale, alijua moyoni kwamba ni mtende, lakini akaona soni kusema mbele ya wakubwa, akanyamaza, hata Mtume mwenyewe akatoa jibu. Baadaye alimweleza babake. Naye Umar, aliyejulikana kwa ukali wake, hakumkemea wala hakumwita mwoga. Alimwambia kwamba lau angelisema, jambo hilo lingelikuwa la kupendeza zaidi kwake kuliko mali kadha na kadha. Mjukuu wetu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Babu, na yeye alikuwa analijua jibu?" Tukamwambia, naam, alikuwa analijua. Na huyo aliyenyamaza siku ile ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa masahaba waliopokea hadithi nyingi kuliko wengine.

Kisa hiki wazazi wakizingatie. Umar (R.A.) alifanya mambo mawili kwa pamoja. Hakujifanya kuwa kunyamaza ni sawa, na hakumfanya mwanawe ajione duni. Alimjulisha kuwa sauti yake ina bei kwa babake.

Siku ya nne hatukumrudisha kwenye mahamri. Tulimpa kazi nyepesi zaidi. Bibi yake alipika mkate wa kumimina, akaweka vipande katika sahani, akaifunika kwa kawa, akamwambia aipeleke nyumba ya jirani na kusema maneno mawili tu: "Bibi anawasalimu." Ada yetu ya kupelekeana vyakula ni neema kubwa kwa mtoto wa aina hii, ingawa wengi wetu mijini tumeiacha. Sahani humsemea. Hahitaji kutafuta la kuanzia, kwa kuwa kilicho mkononi mwake kimeshajieleza. Naye hakai mbele ya watu akiwa mtupu akitazamwa. Anakaribishwa kama mleta kheri. Zaidi ya hayo, sahani hairudi tupu. Hii yetu ilirudi na visheti, ikafuatwa na msichana wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka tisa, aliyekuja kutazama mgeni ni nani.

Hapo palizuka mtihani mwingine. Mjukuu wetu aliomba maji, na yule msichana akacheka, kwani Waamu husema mai. Tulijua kwamba jambo hilo lilikuwa likimtisha mtoto tangu Mombasa, kwamba atachekwa lahaja yake. Bimkubwa mwenye nyumba alikuwa karibu, akasema, "Haya, mwana, mpe lako akupe lake." Wakakaa dakani kama wafanya biashara. Huyu akatoa moja, yule akatoa moya. Huyu akatoa jana, yule akatoa yana. Huyu juu, yule yuu. Baada ya robo saa walikuwa wakicheka wote wawili, na hakuna aliyekuwa akimcheka mwenziwe. Siku ya tano wasichana wale walikwenda pamoja kununua mahamri. Aliyezungumza alikuwa yule wa Amu. Wetu alihesabu pesa na kupokea chenji. Hatukuona ubaya. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake ampe nduguye Harun awe msaidizi, kwa kuwa ulimi wa Harun ulikuwa fasaha zaidi, na Mwenyezi Mungu akamkubalia. Kumpa mtoto mwenzi wa kufuatana naye si kumdhoofisha. Wapo mitume waliopewa wenzi.

Ijumaa tulikwenda Langoni, katika msikiti wa Riyadha. Jina hili halihitaji kuelezwa kwa watu wa Pwani, kwani kila Mfunguo Sita Maulidi yake hukusanya watu kutoka pande zote. Baada ya Sala tulimweleza mtoto kuhusu Habib Swaleh, ambaye msikiti huu unahusishwa naye. Alizaliwa Ngazija. Amu alikuja akiwa kijana na mgeni, akasoma, kisha akajulikana kwa kuwafundisha wale ambao darasa za wakubwa hazikuwa zikiwafungulia mlango, masikini na watu waliohesabiwa kuwa duni. Tulitaka mtoto ajue mambo mawili: kwamba mji huu umewahi kumpokea mgeni akawa fahari yake, na kwamba mwalimu mwema humwendea mwanafunzi aliyesimama mlangoni.

Tulimpata mwalimu wa namna hiyo. Katika chuo cha Qur'ani cha mtaa, ambacho kinaendelea hata wakati wa likizo, mwalimu ni mama wa makamo. Mamake mtoto alikwenda kuzungumza naye kabla, faragha, akamweleza kuwa binti anajua lakini hatoi sauti. Hilo ni jambo ambalo wazazi wengi hulisahau: mwalimu hawezi kuusaidia mzigo asioambiwa. Siku ya Jumamosi mtoto alipoingia, mwalimu hakumsimamisha mbele. Alimkalisha kati ya yule jirani na msichana mwingine, akawaambia wasome Suratu Dhuha wote watatu kwa pamoja. Sauti ya mtoto ilikuwa imefichika ndani ya sauti mbili, kama mtu anayeingia baharini akiwa kashikwa mikono. Kisha mwalimu akamnyamazisha mmoja wao kwa ishara, wakabaki wawili. Hakumnyamazisha wa pili. Alisema, "Inatosha kwa leo," na mtoto akarudi nyumbani akiwa na hamu ya kesho.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama mtoto amepona. Tunajibu kwamba hakuwa mgonjwa. Mamake alitupigia simu mwezi wa Januari. Siku ya kwanza ya shule mpya mtoto alilia langoni. Siku ya pili alilia kidogo. Siku ya tatu jirani alimpitia, wakaenda pamoja bila machozi. Darasani bado hainui mkono. Chuoni anasoma na mwenzake mmoja, na mwalimu anasikia kila herufi. Usiku amerudi kusoma mwenyewe kabla ya kulala, bila kuambiwa, na kwetu sisi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote.

Kwa mzazi asiyeweza kusafiri, tunasema kwamba Amu yake iko mtaani kwake. Achague nyumba moja ya jirani, duka moja, njia moja, na airudie. Amweleze mtoto mapema watakwenda wapi, watamkuta nani na watarudi saa ngapi. Wafike mapema kwenye harusi au Maulidi, kabla watu hawajajaa, ili mtoto aone ukumbi ukijaa polepole badala ya kuingia katika macho mia. Ampe amana ndogo ya kushika: sahani, ufunguo, mdogo wake. Akiulizwa jina, mzazi ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumjibia. Akifaulu, amsifu kwa kile alichokifanya, kwa sauti ya chini, wasiposikia watu. Akishindwa, kazi ya kesho iwe nyepesi kuliko ya leo. Na jina "mwenye soni" lisitajwe mbele yake, kwani mtoto hulivaa jina apewalo kama nguo, na nguo nyingine ni ngumu kuvuka.

Yapo mambo mawili ambayo hatuwezi kuyaacha. La kwanza, mtoto asilazimishwe kukumbatiwa wala kubusiwa na mtu asiyemtaka, hata akiwa jamaa. Salamu ya mdomo au ya mkono yatosha. Na mtoto aliyekuwa mchangamfu akabadilika kwa ghafla, au akamwogopa mtu mmoja maalumu, huyo haoni soni, ana jambo. Mzazi amkalishe faragha, amsikilize na amwamini, kwani kumlinda ni amana mbele ya Mwenyezi Mungu. La pili, ikiwa mtoto azungumzaye nyumbani amekaa miezi bila kutoa neno shuleni wala popote nje ya nyumba, ni vyema apelekwe kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa mambo ya nafsi. Kutafuta tiba hakuipingi tawakkuli, wala si aibu kwa ukoo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungue vifua watoto wetu, azifungue ndimi zao kwa yaliyo ya kheri, awahifadhie haya yao na awaondolee khofu zao, na atupe sisi wazazi subira ya kungoja dakani hadi mlango ufunguliwe kwa ndani.